Kimya cha Sensa

Kuna swali ambalo mhandisi wa mitambo hulijibu kwa waya, na wengi wetu hulijibu kwa mazoea bila kujua kwamba tumeulizwa: anayepaswa kusema akinyamaza, tuelewe nini?

Chukua kile kitufe chekundu cha dharura kilichopo ubavuni mwa karibu kila mtambo wa kiwandani. Mtu asiyekijua angedhani kinakaa kimya siku nzima, kisha siku ya hatari kikibonyezwa ndipo kinapotuma habari. Ni kinyume chake. Umeme mdogo, mara nyingi wa volti 24, hupita ndani yake muda wote mashine inapofanya kazi, kama mlinzi wa usiku anayepiga filimbi kila baada ya muda ili mwenye nyumba ajue hajalala. Kukibonyeza ni kuikata filimbi. Panya akitafuna waya, filimbi inakatika. Skrubu ikilegea kwa mtikisiko, inakatika pia. Mtambo hauulizi sababu. Ukiikosa sauti hiyo, unasimama.

Wazo hili limezitangulia kompyuta kwa miongo mingi. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mfumo wa ishara za reli ambao ndani yake umeme husafiri kwenye reli zenyewe. Treni ikiingia kwenye kipande hicho cha njia, umeme haufiki upande wa pili. Reli ikivunjika, haufiki. Betri ikifa, haufiki. Katika hali zote tatu ishara hugeuka kuwa ya hatari. Robinson hakujua ni lipi kati ya hayo litatokea siku gani, wala hakuhitaji kujua. Alichoamua ni kwamba kimya kihesabiwe kuwa habari mbaya mpaka ithibitike vinginevyo.

Sisi tumelelewa kwa kanuni nyingine. Kunyamaza ni kukubali. Wazee walipomuuliza binti habari ya posa naye akainamisha kichwa asijibu, walitoka nje wakitabasamu. Mwenyekiti wa kikao akiuliza, "Kuna mwenye swali?" halafu akahesabu sekunde tatu, husema, "Basi tumekubaliana." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mchango hupitishwa na watu wanne walioandika na arobaini walionyamaza. Najua pia methali inayosema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hiyo huikumbuka mtu baada ya mshindo, si kabla.

Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi, na utafiti wangu unahusu hitilafu za sensa kwenye mitambo ya kuunganisha na kufungasha bidhaa. Neno lenyewe linahitaji maelezo. Wapo wanaopendelea kusema kitambuzi au kihisio, lakini karakana nilizopita husema sensa, na nimewahi kumweleza mjomba kwa dakika nzima habari za sensa mbovu kabla hajaniuliza kama serikali itarudia kutuhesabu. Si swali la kijinga kama nilivyodhani siku ile. Karani wa sensa ya watu akibisha hodi kwenye nyumba na asiitikiwe, haandiki kwamba humo hawaishi watu. Anarudi.

Sensa ya kiwandani ni kifaa kidogo, mara nyingi hakizidi kidole gumba, na maarifa yake ni finyu mno. Ile ya sumaku na umeme inayotambua chuma hukiona kikiwa umbali wa milimita chache tu. Ukiibadilishia chuma kwa alumini, uoni wake unapungua zaidi ya nusu. Ile ya mwanga hutuma mwali na kusubiri. Watu husema inaona kizibo kwenye chupa. Haioni kizibo. Inachosema ni hiki tu: mwanga nilioutuma umenirudia, au haujanirudia. Kizibo tumekiongeza sisi. Kwa hiyo fundi anaposema "sensa inadanganya," mara nyingi anamaanisha kwamba sentensi aliyoitunga yeye juu ya kimya cha sensa haikuwa kweli.

Kosa la namna hiyo limewahi kuitikisa nchi nzima. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu moja ilifunguka kupunguza shinikizo, kisha ikakwama wazi. Kwenye meza ya waendeshaji kulikuwa na taa. Taa ikazimika, nao wakaelewa valvu imefunga. Ila taa ile haikuwa imeunganishwa na mwendo wa valvu. Ilionyesha tu kama umeme wa kuifungua bado unatumwa. Kuzimika kwake kulimaanisha "amri imeondolewa", waliokuwa zamu wakasoma "jambo limetendeka." Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza kinu yaliendelea kutoroka kupitia valvu hiyo, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Nikiisoma habari hiyo siwaoni wazembe. Naona watu waliopewa kimya na kuachiwa wakitafsiri wenyewe.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndege hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa na sensa mbili za kupima pembe ambayo mabawa yanakutana na upepo, moja kila upande wa pua. Ya kushoto ilifika kudai digrii 74.5 wakati ya kulia ikisema takriban 15. Programu iliyoisukuma pua ya ndege chini ilikuwa ikisikiliza moja tu. Zaidi kidogo ya miezi minne kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, programu hiyohiyo iliisikiliza sensa moja mbovu kwenye ndege ya Lion Air huko Indonesia, na watu 189 wakafa.

Kinachonikaa rohoni kuliko programu yenyewe ni onyo dogo lililopaswa kutokea kwenye skrini ya rubani sensa hizo mbili zinapopingana. Onyo hilo lilifanya kazi tu kwenye ndege ambazo shirika lilikuwa limenunua kipimo fulani cha ziada. Ndege hizo mbili hazikuwa nacho. Skrini ilinyamaza, na kimya hicho hakikuwa na maana yoyote.

Hadi hapa naweza kuonekana kama mtu anayesema tuongeze sensa, tuongeze taa, tuongeze waya. Nilianza utafiti nikiamini karibu hivyo. Kiwanda nilichokaa wiki sita, ambacho sitakitaja, kilinionyesha kwamba waya ndiyo sehemu rahisi.

Ni kiwanda cha kujaza mafuta kwenye chupa, chenye laini moja inayojiendesha: chupa zinakuja kwenye mkanda, zinajazwa, kichwa kinachozunguka kinazifunga vizibo, sensa ya mwanga inahakikisha kila chupa ina kizibo, kisha vibarua, wengi wao akina mama, wanazipanga kwenye makatoni. Kila siku, karibu saa nne kasorobo asubuhi, mtambo ulisimama ukilalamika kwamba vizibo havipo. Vizibo vilikuwepo, kila mtu aliviona. Mafundi walikuwa wamekwisha kubadilisha sensa mara mbili na kebo mara moja. Baada ya dakika ishirini hivi mtambo uliamka wenyewe na kuendelea kama mgonjwa aliyeshushwa homa. Kwenye daftari waliandika "hitilafu ya muda."

Wiki ya pili, wakati wa chai, mama mmoja wa kupanga makatoni aliniambia, "Mwanangu injinia, hiyo mashine inaogopa jua." Akanyoosha kidole juu. Kwenye paa, bati moja la plastiki la kupitisha mwanga lilikuwa limepasuka, na mwali mmoja ulishuka kama kamba hadi kwenye mkanda. Kesho yake nilisimama pale na saa mkononi. Mwali ulitambaa taratibu juu ya fremu, ukaingia kwenye jicho la sensa, na mtambo ukasimama. Sensa za aina hii hupepesa mwanga wake kwa kasi ili kuutofautisha na mwanga mwingine, lakini jua kali likipiga moja kwa moja kwenye jicho la kupokelea linaweza kulilemea, lisiweze tena kuutambua mwanga wake lenyewe. Tulikunja kipande cha bati kuwa kofia, tukageuza sensa digrii chache. Kazi ya robo saa.

Nilimuuliza mama yule kama aliwahi kumwambia fundi. Alikuwa amemwambia. "Alicheka," akasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker aliandika kitabu mwaka 2007 kuhusu dhuluma ya aina hii: mtu kupunguziwa kuaminika kwa sababu ya vile anavyoonekana, si kwa sababu ya anachokijua. Anasema mtu huyo hudhulumiwa katika ujuaji wake. Kitabu hicho niliazimwa na rafiki anayesoma falsafa, nikakisoma usiku wa wiki ileile, na kilinisaidia kuona jambo moja. Fundi alimwamini shahidi wa volti 24 anayejua neno moja tu, akambadilisha mara mbili kwa fedha za kigeni, kabla ya kumwamini mtu mzima anayesimama hatua tatu kutoka kwenye mtambo saa kumi kwa siku. Lakini sikubaliani na njia rahisi ya kuimalizia hadithi hii, kwamba wanyonge wanajua na wakubwa ni viziwi. Kwa sababu wiki ya nne nilifungua kabati la umeme.

Ndani yake, kati ya tundu mbili za kuunganishia, nilikuta waya mfupi wa sentimita kama kumi. Mafundi huuita jampa. Kazi yake ilikuwa kuisemea sensa ya mlango. Mlango wa kichwa cha kufungia vizibo una sensa ya sumaku: ukifunguliwa, filimbi inakatika, kichwa kinasimama, ili mkono wa mtu usikutwe ndani kikizunguka. Jampa ilikuwa inapiga filimbi badala yake. Mlango ukiwa wazi, waya ulisema umefungwa. Mlango ukingolewa kabisa ukatupwa nje, waya ungesema umefungwa. Katika kazi yetu sijui uongo mkamilifu kuliko huo, na hauhitaji mdomo.

Fundi mkuu wa zamu hakuuficha. Mlango ule, aliniambia, ulikuwa unasimamisha laini mara nane, mara kumi kwa zamu bila mtu kuugusa. Halafu akaniwekea methali mezani: kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Nilicheka, kwa sababu ilikuwa imekaa mahali pake barabara. Na hoja yake si ya kudharau. Kengele inayolia ovyo hufundisha watu kutosikia kengele. Anayedhani kila sensa ipewe haki ya kusimamisha kila kitu hajawahi kufanya kazi mahali ambapo zipo sensa sitini.

Kilichonishangaza ni waliokuwa wakiutetea waya ule kwa nguvu zaidi. Niliposema utolewe, waliokuja kunizunguka walikuwa vibarua wenyewe, wale ambao mikono yao ndiyo iliyoingia mle kuchomoa vizibo vilivyokwama huku kichwa kikizunguka. "Usiutoe leo, mwanangu," mama yule wa jua aliniambia. "Leo Ijumaa." Wanalipwa kwa katoni. Laini ikisimama, hesabu inasimama, na hakuna anayewalipa kwa kukaa. Fundi ana mshahara wa mwezi; meneja ana mshahara wa mwezi; mimi nilikuwa na posho ya utafiti. Kila mmoja wetu angeweza kuuheshimu ukweli wa sensa ya mlango bila kupungukiwa na senti. Wao kila dakika ya ukweli huo waliilipia kwa chakula.

Hapo ndipo swali langu la mwanzo lilipogeuka. Nilikuwa nikiuliza kimya kina maana gani. Kumbe kabla ya hapo kuna swali jingine: kusema kunamgharimu nani? Unaweza kufunga nyaya zote kwa namna ambayo kimya kinahesabiwa kuwa hatari, lakini kama gharama ya kusimama imewekwa juu ya mabega ya anayelindwa, ataitafuta jampa mwenyewe, na ikikosekana ataikata kutoka kwenye kebo ya zamani. Wala huwezi kumwita mjinga. Amepima hatari ya kidole ambacho huenda kisikatike dhidi ya unga ambao bila shaka hautanunuliwa. Wapo watakaosema amekubali mwenyewe. Hilo nalikataa. Ridhaa ya mtu aliyepewa kuchagua kati ya mkono na mlo inafanana sana na ridhaa ya binti aliyeinamisha kichwa mbele ya wazee.

Wanaopenda viwanda watanitajia Japani. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma ambao ulijisimamisha uzi ulipokatika, na kutoka kwenye wazo hilo viwanda vya magari vya Toyota vilikuja kuwa na kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta akiona kasoro. Kiongozi wake huja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati laini husimama. Naipenda habari hii, na nimeisikia kwenye semina zaidi ya tano, kila mara ikisimuliwa kana kwamba siri iko kwenye kamba. Kamba inauzwa Kariakoo. Ambacho wasimulizi hawakitaji ni kwamba anayeivuta lazima awe na uhakika wa kula jioni ile. Kiwanda kinachoweka kamba halafu kinalipa kwa katoni kimeweka pambo.

Nimejaribu kujiwekea kipimo cha kutumia hata nje ya karakana. Nikiingia mahali nikaambiwa hakuna malalamiko, iwe ofisi, hosteli, ndoa ya rafiki au idara ya chuo, sianzi tena kwa kuuliza kama watu wameridhika. Nauliza yule wa mwisho kulalamika alipoteza nini. Jibu likiwa "hakupoteza kitu," basi kimya kile huenda kweli ni amani. Sijakipata mara nyingi.

Waya ulitolewa Jumamosi, siku ambayo laini huanza kwa kuchelewa. Fundi mkuu mwenyewe ndiye aliyeukata, na kwa haki yake niseme aliukata bila kununa. Mtambo ulisimama baada ya dakika saba. Tuliufuata mlango ule uliokuwa ukisingiziwa kelele, tukapima. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, mlango ukashuka milimita nne, na sumaku yake haikuwa tena inakabili sensa sawasawa. Kila mtikisiko mkubwa uliitoa kwenye upeo. Kwa hiyo muda wote ule sensa ilikuwa ikisema mlango haujafunga vizuri, na mlango haukuwa umefunga vizuri. Dawa ilikuwa washa mbili na skrubu moja mpya. Tulitumia nusu saa, ukijumlisha na muda wa kutafuta skrubu.

Nusu saa hiyo akina mama walikaa nje kivulini, juu ya makatoni yasiyofunguliwa, wakigawana ubuyu. Kwenye daftari la mitambo nilijaza safu nne zilizopo: saa, mtambo, tatizo, tiba. Kwenye daftari lao, ambalo hutunzwa na karani wa stoo, nusu saa ile haikuandikwa popote. Ukurasa unatoka katoni ya 112 kwenda katoni ya 113.